Kabla hujapanda mkoko, njoo kwanza tuhesabu ndege

Jumamosi iliyopita mie na kikundi chetu cha mikoko tulikuwa Mida tena. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma kwa hio ilikuwa bamvua, na huku kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi halafu yanajaa hadi juu saa kumi jioni na kitu, basi na sisi siku yetu nzima tunaipanga kwa hayo maji. Asubuhi bahari ikiwa nje tunaingia mikokoni kufanya kazi, mchana tunakaa kivulini tunakula mahamri na mbaazi ambazo akina mama wamezipika tangu alfajiri, halafu saa nane tunachukua darubini tunaenda kuwasubiri ndege. Nimeulizwa sana mbona tunachanganya haya mawili, si bora kila jambo na siku yake, wapenda ndege waende zao na wapanda miti waende zao. Leo nataka nijibu vizuri manake mie mwenyewe nilikosea kwanza ndo nikajifunza.

Kwa ambao hamjafika, Mida ni hori linaloingia ndani ya nchi kusini ya Watamu, huku pwani ya Kenya, mdomo wake mwembamba lakini ukishapita ndani pamefunguka, mikoko pembeni na katikati tope na mchanga vinavyoonekana maji yakitoka. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyowekwa mwaka 1968. Ukivuka barabara kubwa ya Mombasa–Malindi unaukuta msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, na huko ndo wageni wengi wanakokimbilia kumtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye hata kiganja chako kinamtosha. Mie nao msitu naupenda, nitauandikia siku yake. Lakini tope la Mida watu wanalipita tu, wanaona ni uchafu, ni mahali ambapo bahari imeondoka na hakuna kitu.

Sasa wewe njoo usimame pale kwenye lile daraja la kamba na mbao maji yanapoanza kurudi. Mwanzo huoni chochote, ni tope na jua linakuchoma shingo. Halafu mbali kule unaona kama shuka inakung'utwa, inageuka mara nyeupe mara nyeusi, kumbe ni vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, mamia kwa mamia, wengine wametoka kuzaliana Siberia, maji yamewafukuza kule walikokuwa wanakula na sasa wanasogea huku kwako kidogo kidogo kila sehemu yao ikifunikwa. Wanakuja sululu na ile midomo yao iliyopinda, wanakuja yangeyange, saa zingine heroe wanapita kwa mstari hawana haraka. Na wanakuja wale ambao mie hunifanya nisahau hata kuandika, ndege mweupe, mgongoni mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama panga fupi, anayeishi kwa kula kaa. Sisi kwenye kikundi tunamwita mla kaa basi. Anatembea pole pole, anasimama, anatazama, halafu anachomoka mbio na ukiangalia darubini kaa kashashikwa.

Huyu mla kaa hazaliani Kenya. Anataga kwenye visiwa vya mchanga huko Oman na sehemu zingine za Ghuba na Bahari ya Shamu, na hatagi juu kama vitwitwi wenzake, anachimba shimo refu kwenye mchanga, ndani anaweka yai moja jeupe, na lile joto la mchanga wenyewe linasaidia kulilea yai. Yai moja tu kwa mwaka, hebu fikiria. Na kinda akishajua kuruka hawamwachi, wanakuja naye mpaka huku, kwa hio ukitulia utaona mkubwa anatafuta kaa na nyuma yake kuna kijana mwenye rangi ya kijivukijivu anamfuata huku analia anaomba chakula, na mzazi anampa. Mtoto kazaliwa Uarabuni anamalizia kulelewa kwenye tope la Mida. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivo nilikaa kimya kitambo kizuri.

Mjomba wangu ndo aliyenifanya nione zaidi. Yeye ujana wake alikuwa mkata mikoko, alienda mpaka Lamu kwa kazi hio, na hadi leo ukimpitisha penye mti anakuambia unene wake bila kuupima, huu fito, huu pau, huu mazio, huu boriti, huu nguzo. Boriti hizo zilipakiwa jahazini zikaenda Oman na nchi za Ghuba kuezekea nyumba manake kule miti ya kujengea hakuna, biashara ya karne na karne, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Siku nilipomwambia kuhusu mla kaa alicheka akasema basi huyu ni nahodha, anafuata njia ile ile. Na kweli, ndege wanaondoka kwenye Aprili, upepo wa kusi ukianza kushika, wakati ule ule jahazi zilipokuwa zinafungua kurudi Uarabuni. Kuja ndo hawasubiri upepo wa kaskazi, Agosti washaanza kuingia.

Haya, sasa nije kwenye kosa.

Miaka kadhaa nyuma ilikuja kampuni moja kutoka mjini, inataka kupanda mikoko, ina fulana, ina kofia, ina mtu wa kupiga picha kwa droni. Kikundi chetu kilikuwa kichanga, pesa hatuna, tulifurahi sana. Walitaka mahali peupe ili miche ionekane vizuri kwenye picha na watu wapate nafasi ya kupanga mistari. Mie ndo niliyewapeleka. Niliwapeleka pale nje kabisa, mbele ya mikoko, kwenye tope tupu, kwa sababu kichwani mwangu tope bila mti ni shamba lililolala. Tulichomeka mbegu za mkoko, si unazijua zile ndefu kama penseli, zinaningʼinia mtini zikianguka unazichomeka tu, magunia na magunia, na ile mingine iliyooteshwa kwenye tyubu za plastiki tukaipanda pia. Kufikia saa saba maji yanarudi wageni washaondoka, picha zikapendeza kweli.

Yaani haikufika mwaka. Mawimbi yaling'oa mingi, iliyobaki ikashikwa na vile vigamba vyeupe vigumu vinavyoganda chini ya mashua, mche mdogo ukibebeshwa hivo unainama unalala kwenye tope unaoza. Tukabaki na msitu wa vijiti na tyubu za plastiki. Nilisikitika lakini nikasema ni bahati mbaya, tutapanda tena pale pale.

Ikaja Januari, mwezi wa kuhesabu ndege wa majini, hesabu inayofanywa nchi nyingi kwa pamoja, na kwetu tulitembea na mzee mmoja ambaye amekuwa akihesabu hori hili tangu mie sijazaliwa, ana madaftari yamekunjika yamelowa chumvi. Tulisimama akatazama mbele muda mrefu na teleskopu. Akaniuliza, mwanangu, vile vijiti vya nani? Nikamwambia ni vyetu, mzee. Akasema, mbona hamkuniuliza, pale ndo wanapoanzia kula maji yakitoka, na hawa ndege wa pwani hawapendi kula mahali pamezibwa wasimuone mwewe akija. Akanifungulia daftari. Mwaka baada ya mwaka kaandika sehemu ile ile kwa jina lake, idadi zinapanda zinashuka lakini wapo. Mwaka ule aliandika sufuri, kwa penseli, mbele yangu.

Hakunigombeza hata kidogo na nafikiri ndo maana iliniingia. Mie nilikuwa napanda miti kuokoa mazingira halafu nimepanda juu ya chakula cha watu. Nasema watu, ni ndege, lakini nilihisi hivo hivo.

Mwezi uliofuata tuling'oa vijiti vyote na tyubu zote tukazitoa kwa magunia, na tangu siku hio sheria ya kikundi ni kwamba hakuna mche unaingia ardhini kabla hatujatembea pale kuhesabu ndege, maji yakitoka na maji yakiingia, zaidi ya mara moja. Na tunatafuta visiki. Penye kisiki paliwahi kuwa na mti, kwa hio mti utakubali, pasipo kisiki wala mzee yeyote anayekumbuka mti uliza tena kabla hujachomeka. Vile vile kila mti una mahali pake, hii mjomba ndo aliyetufundisha manake mkataji anaujua msitu kuliko sisi wa semina. Mlilana unakaa mbele kabisa unatazama bahari, nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu, halafu mkandaa, na mchu unakubali mpaka kule nyuma kwenye chumvi kali. Watu wanapanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni kubwa ni rahisi kushika, hakuna sababu nyingine! Unakuta mtu kapanda mkoko kwenye sehemu ya mchu halafu anashangaa unakauka.

Na kazi iliyotupa matokeo mazuri kuliko zote wala haikuwa kupanda. Kulikuwa na sehemu upande wa nchi kavu mikoko imekauka yote, visiki vitupu, ardhi nyeupe ya chumvi. Tulikuwa tumeshapanda pale mara mbili imekufa. Tulipotembea tukifuata ndege maji yakijaa tukagundua kitu, ndege wote wanaishia kwenye njia moja ya pikipiki iliyojazwa mawe na udongo, manake maji yenyewe yanaishia hapo, hayavuki. Miaka yote sisi tunatazama miche hatujatazama maji. Tulienda kwa watu wa misitu kuomba ruhusa, tukachimba kwa jembe na sepetu, tukaweka kalvati chini ya njia ili pikipiki zisikose kupita, mitaro midogo miwili, basi. Msimu uliofuata maji yakaleta mbegu za mchu yenyewe, zile ndogo kama maharage mabichi, zikaota bila mtu kuzigusa. Saa hizi ukiingia pale miche imenifika kiunoni na mdiria kashapata tawi la kukaa.

Najua hii ni ngumu kuelezea mtu anayetaka hesabu. Nchi ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na ile Novemba 13, 2023 tulipewa hata likizo tukapande, mie nilitoka na nilipanda na naunga mkono kabisa. Lakini lengo likishakuwa idadi, kila anayekuja anauliza mmepanda mingapi, hakuna anayeuliza mingapi iko hai, na mtaro uliochimbwa kwa jembe hauingii kwenye hesabu ya mtu. Halafu tope halina mtetezi. Msitu ukikatwa watu wanalia, tope likipandwa miti watu wanapiga makofi. Hilo linaniuma.

Kwa hio ndo maana tunatembea. Matembezi yenyewe ni bure na hutakiwi kujua chochote, tuko mchanganyiko, wavuvi, wanafunzi, akina mama wa mizinga ya nyuki, mwalimu mstaafu mmoja ambaye anashinda sote kwa macho. Darubini tunazo nne tunapokezana. Vijana wanaingiza orodha ya ndege kwenye simu kwa apu ya BirdLasser inaenda kwenye Kenya Bird Map, ile ramani ya ndege wa Kenya, na mie naandika daftarini kama mzee, majina yale yale ya sehemu, ili anayekuja nyuma yangu aweze kulinganisha. Walio Nairobi msiseme mko mbali, nyinyi mna yale matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, Fleur Ng'weno aliyaanzisha 1971, nilihudhuria mara moja nikiwa mgeni huko na walinipokea kama ndugu.

Jumamosi iliyopita basi. Asubuhi tulizibua ule mtaro wa pili, majani na chupa zilikuwa zimeuziba, tukatoa magunia matano ya plastiki. Jioni upepo ulikuwa mwingi, teleskopu inatikisika, tukahesabu wale ndege wala kaa 63, mwalimu anasema 64. Sita kati yao walikuwa pale pale nilipopanda zile mbegu, na mmoja wao ni kijana wa kijivu, anamkimbilia mkubwa huku na huku analia. Nilimpa mjomba darubini. Alitazama mpaka maji yakafunika pale na wao wakaruka.

Bamvua inayofuata ni ya mwezi mpevu, Jumamosi ya wiki ijayo. Tunakutana kwenye daraja saa mbili unusu asubuhi kwa kazi, anayetaka ndege tu aje saa nane. Njooni na maji ya kunywa na kofia, na tafadhali viatu vya kufunga au gambuti, msije na ndara, chaza wa Mida wanakata vibaya.