Somo yangu

Tuna jina moja, kwa hiyo tunaitana somo. Jina lenyewe silitaji, lake ni langu.

Siku ya kwanza kuwasikia watoto wanapita barabarani wakipiga kelele, "Fulani chizi! Fulani chizi!", nilitoka na mwiko mkononi nikijua natukanwa mimi. Kumbe ni yeye. Anakatiza katikati ya barabara yetu hapa Ngamiani, Tanga, kanga moja mwilini, miguu peku, baiskeli zinamkwepa huku na huku. Akaniona. Akaniita, "Somo!" Nikarudi ndani, nikafunga mlango na komeo juu.

Mtu niliyekula vitumbua vyake miaka sita, mimi huyo.

Ugonjwa ulianza hata arobaini ya mtoto wa pili haijatimia. Kwanza usingizi ulipotea. Siku nne hajalala, na hachoki. Anafua saa nane za usiku, anafagia uwanja gizani. Kisha akaanza kusema mtoto aliyepakatwa si wake, kabadilishwa. Nyumbani wakasema jini. Wakampeleka kwa mganga huko njia ya Muheza, wakarudi, akanyweshwa kombe, akafukizwa. Simcheki mtu hapo, hata mimi nimekunywa kombe nikiwa na mtihani. Ila miezi ilikwenda, na ilikwenda bure.

Baadaye sana nesi mmoja alitukalisha kwenye benchi akatueleza kama anavyoeleza malaria. Kwamba wazimu wa namna hii humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, aghalabu ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kwamba ni dharura kama vile mzazi anatokwa na damu. Mtu hasubiri arobaini iishe. Sonona, ile huzuni nzito isiyomwachia mtu, ndiyo imejaa zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, nyingi ni hiyo sonona. Nikawahesabu wazazi wa barabara yetu kichwani. Wangapi tuliwaambia "acha deko"?

Alipoanza dawa, ile sindano ya kila mwezi pamoja na vidonge, kelele zilikwisha. Lakini akawa anatembea kama kavaa nguo mbichi, mikono inatetemeka, udenda unamtoka. Mtaa mzima ukasema dawa zimemmaliza. Hakuna aliyejua kwamba kutetemeka kule ni kwa sababu ya dawa yenyewe, na kuna kidonge kingine cha kutuliza mtetemeko huo. Unarudi, unasema, daktari anarekebisha. Yeye hakurudi. Upande wa mume walikwishamchukua mtoto, mume naye kahama, nauli hana, chakula hana, na dawa zile zinaleta njaa ya kuuma. Akaacha. Ndipo nikamwona barabarani.

Tulichokiona baada ya hapo sitaki kukipamba. Alikuwa akilala kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Wanaume wale wale wanaomwita chizi mchana, usiku wanajua alipo. Na siku moja alipita sokoni na damu ya mwezi nguoni, watu wanashika pua, wengine wanacheka. Mama mmoja muuza machungwa akavua kanga yake ya juu, akamzungushia kiunoni, akafunga fundo, akarudi kwenye machungwa yake. Hakusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi hivi, na nilikuwa nimevaa kanga mbili.

Nikaenda kwa kijumbe wetu, anayeshika hela za mchezo wa kupeana. Tuna mchezo wa watu 12, elfu kumi kila Ijumaa, na somo alikwishalipa raundi saba kabla hajaugua. Zamu yake tuliiruka kimya kimya. Kijumbe ni bibi wa miaka sabini na kitu, haonyeshi huruma kwa mtu, ukichelewa unalia. Tukakaa barazani kwake. Mmoja akasema, "Bibi, hela zote hizo umpe mwehu?" Bibi akatema tambuu. "Alilipa. Hela zake haziumwi."

Basi hela zile ndizo zilizomrudisha kliniki. Bajaji, chakula, vidonge pale dirishani wanapokwambia havipo kanunue nje. Bibi alizishika yeye, akaandika kila senti kwenye daftari la mchezo, chini ya jina la somo, kama anavyotuandika wote. Na tukagawana zamu: asubuhi nyumba hii inatoa chai na mbaazi kwa mahamri, maana kidonge hakishuki tumbo tupu, usiku nyumba ile inahakikisha amelala ndani. Zamu zilivunjika mara nyingi, nisidanganye. Kuna wiki nzima alinitukana mpaka nikasusa.

Mzee mmoja mwanamume alitushauri tumpeleke Lutindi, kule milimani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walipaanzisha mwaka 1896 pakiwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya akili, na wagonjwa wanashika jembe na kazi za mikono. Nesi akasema bado hajafikia huko. Lakini maneno ya kazi za mikono yalinikaa.

Kazi ya kwanza niliyompa ilikuwa kunikunia nazi. Kabla yake nilimwosha nywele. Zilikuwa zimeshikana kama kumbi, maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili rangi ya chai. Ndani ya fundo moja nilikuta uzi mweusi wenye kipande cha karatasi kilichooza, hirizi ya wakati ule. Nikamwonyesha. Akaiangalia, akasema, "Itupe, inaniwasha." Nikamsuka twende kilioni, mistari haikunyooka hata mmoja, mimi si msusi.

Vitumbua vyake vimerudi, ingawa siku za karibu na sindano anaamka amechoka na hapiki. Mtoto anaruhusiwa kumwona Jumapili. Watoto wa mtaa bado wanaita, na wakiita tunageuka wote wawili, hapo wanakimbia.

Ijumaa iliyopita alichelewesha mchango wake. Bibi kamtoza faini ya mia tano, kamwambia na wiki ijayo akichelewa ni elfu. Somo kanuna mpaka magharibi. Kaja kwangu kumsema bibi, roho mbaya, uzee mbaya, hakubakisha kitu.