Vidonge vya majira: pakiti mpya isichelewe

Pakiti ya vidonge vya kuzuia mimba ninayotumia ina vidonge 28. Vyeupe 21 ndivyo vyenye homoni. Vya kahawia 7 ni madini ya chuma tu, ili mkono usipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Ukisahau kidonge cha kahawia, kitupe uendelee na kinachofuata. Cheupe ndicho cha kukishikilia.

Mimi humeza baada ya swala ya Isha, maana hapa Ngamiani, Tanga, adhana haimpiti mtu. Hata Ramadhani sibadili saa: kidonge kinaangukia kati ya futari na daku, saumu haiguswi. Pakiti hukaa kwenye droo, si dirishani wala juu ya friji, kwa kuwa joto letu la kaskazi na unyevu wa pwani huharibu dawa.

Kabla ya pakiti ya kwanza, mwache nesi akupime presha. Ikiwa 140/90 au zaidi, vidonge hivi havikufai. Mwambie pia kama unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, kama umefika miaka 35 na unavuta sigara, kama damu imewahi kukuganda mguuni au kifuani, au kama kipandauso chako hutanguliwa na vimulimuli machoni. Anayenyonyesha ana vidonge vyake vya homoni moja, aombe hivyo. Taja na dawa unazotumia: rifampisini ya kifua kikuu, na karbamazepini au fenitoini za kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge. Amoksilini haina shida, ingawa wengi huiogopa.

Ukianza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, kinga unayo hapohapo. Ukianza siku nyingine, hakikisha kwanza huna mimba, kisha tumia kondomu siku 7.

Sasa kusahau, na hapa ndipo mashoga zangu wengi wanapokosea. Wanaogopa sana kupitiwa katikati ya pakiti, lakini kuchelewa kuanza pakiti mpya wanakuona jambo dogo. Ni kinyume. Zile siku 7 za kahawia mwili haupati homoni, na mayai yanaanza kuamka. Siku ya 8 kidonge cheupe huyarudisha usingizini. Ukichelewa hadi siku ya 11 au zaidi, yai laweza kupevuka, na pakiti nzima iliyobaki hailirudishi nyuma.

Ukisahau kimoja au viwili vyeupe, au ukichelewa pakiti mpya siku moja au mbili, meza mara ukumbukapo, hata vikawa viwili kwa siku moja, uendelee. Vikifika vitatu au zaidi, meza mara moja na utumie kondomu siku 7. Kama umekutana na mume ndani ya siku 5 zilizopita, nenda kituo cha afya au duka la dawa ukaulizie vidonge vya dharura, usingoje. Ikiwa vitatu hivyo vimesahauliwa katika wiki ya tatu, maliza vyeupe, ruka vya kahawia, fungua pakiti nyingine siku inayofuata.

Anayekwenda Pemba kwa chombo aangalie bahari: ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine. Kuhara au kutapika kukizidi siku 2, hesabu kama vidonge vilivyosahauliwa.

Kichefuchefu na matone ya damu miezi 3 ya mwanzo ni kawaida, usiache. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, kifua kikibana, au kichwa kikakupasua ghafla, acha kumeza na uende hospitali siku hiyohiyo. Na UKIMWI havizuii kabisa. Hilo ni kazi ya kondomu.

Mimi pakiti inayofuata huwa nayo ndani nikiwa bado kwenye vyeupe. Cha kahawia cha mwisho kikiisha leo usiku, cheupe cha kwanza ni kesho usiku, damu iwe imekatika au bado.