Mkate wenye tende ndani

"Mama, kwa nini mama mkubwa anakula kasimama?"

Binti yangu aliuliza hivyo Jumapili iliyopita, mkate umemjaa mdomoni. Dada alikuwa hatua tatu tu kutoka mezani, kaegemea friji, sahani mkononi. Nikamwambia mtoto ale, chai inapoa. Dada akacheka, akasema amekaa mno kwenye basi la Tanga, acha anyooshe miguu. Tangu siku hiyo sijatulia. Miguu ile naijua. Mkate ule naujua pia, maana naupika karibu kila wiki, na sijawahi kumsimulia mtu ulikotoka.

Dada aliondoka Tanga 2009, akarudi 2011. Ya katikati nayapita haraka, mengi si yangu ya kusimulia. Alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Wakala aliyempeleka aliahidi mengi. Pasipoti ilichukuliwa siku aliyofika. Simu ikawa mara moja kwa mwezi, na kila alipopiga mama alimuuliza, "Unakula?" naye akajibu, "Nakula sana, mama." Kwa pesa zake chumba cha nyuma pale nyumbani kwetu Ngamiani kilipata bati, na mimi nililipiwa ada ya kidato cha kwanza na cha pili. Nilikuwa na miaka 14. Nilichojua ni kwamba dada yuko Arabuni na mambo yanakwenda.

Siku aliyorudi, basi lilichelewa, tukampokea stendi saa tano usiku. Tulilala kitanda kimoja kama zamani. Nilikuwa na maswali mia, sikufika la tatu, usingizi ulishamchukua.

Nilipoamka upande wake ulikuwa baridi. Kulikuwa giza, hata adhana bado. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi. Muscat wametutangulia kwa saa moja, kwa hiyo mwilini mwake ilikuwa saa kumi na moja, saa aliyoamka kila siku kwa miaka miwili. Hesabu hiyo nilikuja kuipiga baadaye sana. Asubuhi ile niliona tu mwanga mwekundu wa jiko la mkaa uani, nikatoka na kanga mabegani.

Alikuwa kachutama mbele ya jiko, mkate wa boflo wa jana uko mapajani. Alikuwa anaukata vipande vinene, upana wa vidole viwili.

"Wa leo haufai," alininong'oneza, bila hata kunisalimia, kana kwamba tuliagana jioni tu. "Ukiuchovya unalegea, unakukatikia mkononi. Wa jana una kiu."

Akachukua kipande kimoja, akakilaza kiganjani, akachoma ncha ya kisu kidogo pale ubavuni kwenye ganda. Kisu kikaingia. Akakizungusha ndani polepole, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwenye mkoba, bila kukitokeza upande wa pili. Alipokitoa, kile kipande kwa nje kilikuwa vilevile, ila sasa kilikuwa na mfuko. Akanipa nikishike. Nikaingiza kidole, nikahisi nyama ya mkate imeachana katikati. Sijui kwa nini jambo dogo kama lile lilinistaajabisha vile. Labda ni kwa sababu mikono ilikuwa ya dada yangu na ufundi sikuujua.

Tende alizitoa kwenye begi, za aina ya khalas, zimefungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki. Tulizitoa kokwa pamoja. Akazitia kwenye sufuria ndogo na kijiko cha siagi na maji kidogo, akaziponda kwa mwiko hadi zikawa uji mzito wa rangi ya kahawa, kisha akanyunyizia iliki aliyoitwanga palepale. Begi lilikuwa pia na jibini laini, vile vipande vidogo vya mraba vilivyofungwa karatasi ya kung'aa. Mikate mingine akatia tende, mingine jibini.

"Watoto wanataka jibini," akasema. "Bibi anataka tende."

"Bibi gani?"

"Bibi wa pale. Mama yake bwana. Kazaliwa Unguja huyo, waliondoka baada ya Mapinduzi. Kiswahili chake kitamu kukushinda wewe. Kila mkate kwake ni boflo."

Alisema "wanataka", si "walikuwa wanataka". Hilo nalikumbuka.

Mayai yalikuwa manne, maziwa kikombe kimoja, sukari kijiko, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Alikoroga kwa uma hadi povu likatulia. Kila kipande alikilaza mle ndani akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, midomo ikitikisika, akakigeuza, akahesabu tena. Mdomo wa mfuko aliuminya kwa vidole vyenye yai. "Yai likiiva linashona," akasema. Na kweli lilishona, tende haikumwagika hata tone. Kabla ya kuinjika kikaango alichukua koleo akapunguza makaa, akabakisha machache. Nikamwambia hivyo tutachelewa. "Mkate huu una tumbo," akanijibu. "Moto ukiwa mkali unaungua nje, ndani mayai mabichi."

Siagi ilipoanza kuimba, ile harufu ya iliki na yai na tende ya moto ikapanda, ikavuka ukuta, jirani akakohoa. Ndiyo harufu iliyojaa jikoni kwangu Jumapili iliyopita.

Kulipokucha tuliketi mkekani: baba, mama, kaka zangu wawili, mimi. Dada aliweka sinia katikati, akamimina chai, akaanza na baba. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama karibu na mlango.

Alisimama wima, mikono kaishikanisha mbele, chini ya kitovu, kiganja juu ya kiganja. Hakututazama usoni. Alitazama sahani. Baba alipomaliza kipande, kabla hajainua kichwa, kipande kingine kilishatua, na dada ameshajirudisha mlangoni bila hata sauti ya nyayo. Kaka mkubwa alitaka sukari, mkono haujafika, kopo likasogea. Tulikuwa tunakula vitamu ambavyo hatujawahi kuvionja, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua kwamba mtu tuliyemngoja miaka miwili hayumo mkekani.

Mama ndiye aliyegundua. "Njoo ukae, mwanangu."

"Nitakula baadaye, mama."

"Kaa ule."

Akapigapiga mkeka kwa kiganja, pale pembeni yake. Dada akapatazama mahali pale. Nilimwona akipatazama. Hakuonekana mwenye hasira wala huzuni. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa kiti ndani ya nyumba ya watu na hana hakika kama ni cha kwake. Akasogea hatua moja, vidole vya mguu vikagusa ukingo wa mkeka. Kisha akaona birika limepungua. Akainama, akalichukua, akatoka nalo uani.

Tulisikia maji yakimiminwa. Baba aliacha kutafuna. Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri, akamfuata. Waliyoongea kule nje sikuyasikia. Kaka zangu waliendelea kula, na mimi nilichukua kipande kingine, cha jibini, nikakimaliza chote. Nimekikumbuka kipande hicho mara nyingi kuliko vyote vilivyotangulia.

Miaka ikapita. Nilipokuwa chuoni nilisoma mahali kwamba mkate huu ambao wengine wanauita tosti ya Kifaransa, Wafaransa wenyewe wanauita *pain perdu*, mkate uliopotea, kwa kuwa ni mkate mkavu ambao bila maziwa na mayai ungetupwa. Nikampigia dada kumwambia. Alinyamaza kidogo. "Haukupotea," akasema, "ulikauka tu." Kisha akaniuliza habari za mitihani.

Na usiku wa kuamkia harusi yangu, tukiwa tumelala tena kitanda kimoja, aliniambia lingine. Katika nyumba ile yote, yule bibi peke yake ndiye aliyekuwa akimwambia akae. Kila asubuhi alimpelekea sahani chumbani, na bibi alimwambia, "Kaa hapa tule boflo letu." Alikaa chini kwenye zulia, wakala sahani moja, bibi akimsimulia Unguja ya utoto wake. Mwaka wa pili bibi akafariki. "Baada ya hapo sikukaa tena," akasema, akageukia ukutani.

Leo ana genge lake la chai pale Tanga. Wateja wanakaa kwenye mabenchi, yeye anasimama, na hakuna anayeshangaa, maana mwenye genge husimama. Amejenga. Anacheka sana, kuliko sisi wote. Kwa hiyo sijui nimjibu nini binti yangu. Siku nyingine nafikiri kile ni kidonda, nami ndugu yake nimekizoea kwa kuwa niliwahi kushiba kwa sababu yake. Siku nyingine nafikiri ni namna yake ya kula tu, na sisi tunaomng'ang'aniza akae tunatafuta kutuliza mioyo yetu wenyewe. Mama alimwambia "kaa ule" hadi sauti ilipomwishia. Mara nyingine alikaa. Mara nyingine alichukua birika.

Jumapili ile nilivuta kiti nikakisogeza karibu na friji. Akaniambia ahsante mdogo wangu, akaweka kikombe chake cha chai juu ya kile kiti, akaendelea kula.

Binti yangu, ambaye swali lake halikuwa limejibiwa, alimtazama, akanitazama. Akateremka kitini na sahani yake, akaenda kuegemea friji pembeni ya mama yake mkubwa, mgongo umenyooka kama wake. Akauma mkate. Tende ikamtiririka hadi kidevuni.

Dada akampangusa kwa pindo la kanga.