Mwali ana maziwa

2014 nilikuwa nimerudi kwa mama Bagamoyo, Magomeni, na kichanga cha miezi minne. Kabla ya hapo nilikuwa Dar nacheza Bongo Movie, sio staa wa kivile ila sura yangu ilishakaa kwenye makava ya CD pale Kariakoo. Halafu Kanumba, staa mkubwa wa Bongo Movie, akafariki Aprili 2012, soko nalo likawa linayumba, hela zikawa za kubembelezana, na mimi tumbo lilipoanza kuonekana ndo simu zikakata kabisa. Prodyuza mmoja akaniambia nisubiri "mwili urudi" na nisiposti mtoto, eti mashabiki wanataka kumuona binti. Na mimi nikaona ana pointi!

Bagamoyo msanii hukai bure, chuo cha sanaa kipo pale tangu 1981, siku hizi ndo TaSUBa, na vikundi mtaani havikosekani. Nikaingia kimoja, malipo ya kuganga njaa, wakanipa nicheze mwali. Mwali jamani! Kigoli anatolewa nje kwa mdundiko, kapambwa shanga, kanga ya njano imefungwa juu ya kifua, macho chini, tajiri anakuja kuposa. Mwongozaji hakujua kama nina mtoto, na sikumwambia mtu. Ila yule bimkubwa aliyecheza kungwi wangu, siku ya kwanza tu ya mazoezi aliniangalia akasema "wewe unanyonyesha", akaendelea kula muhogo wake.

Mpango wangu ulikuwa mama aje na mtoto nyuma ya jukwaa, anyonye ashibe, ndo nipande. Kliniki walishasema miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama tu, na mwenyewe chupa alikuwa anaitema. Sasa siku ya onyesho pale TaSUBa kikundi kilichotakiwa kututangulia gari lao likawafia Mapinga, tukaambiwa haya pandeni nyie. Mama yuko nyumbani anakaanga samaki wa biashara, simu hapokei, na matiti yamejaa yanauma mpaka kwapani.

Nikapanda hivyo hivyo. Mwanzoni mambo yakaenda, ngoma zinalia, nimeinamisha kichwa, bimkubwa ananizungusha anaimba. Mara huko kwenye watu kichanga cha mtu kikaanza kulia, kile kilio cha njaa cha kukatakata. Mlionyonyesha mshaelewa. Nesi alishaniambia hiyo ni homoni, titi halichagui mtoto wa nani. Nikasikia ile michomo kama sindano, nikabana mikono kifuani, wapi! Kanga ikaanza kuloa, duara upande huu, duara upande ule, zikakua mpaka zikakutana katikati. Na kanga ya njano ikiloa hata aliyekaa nyuma kabisa anaona.

Sauti ya mama mmoja ikatoka huko: "Jamani mwali ana maziwa!"

Hicho kicheko sitakisahau. Wapiga ngoma wenyewe walilegea mikono. Nikawaza nikimbie. Bimkubwa hakucheka, akanisogelea taratibu, akaishika ile kanga kwa vidole viwili, akawageukia watu, akanigeukia tena, akasema kwa sauti yake ileile ya kungwi, "Haya mwanangu, waambie. Mtoto yuko wapi?"

Kwenye skripti mwali hana hata neno moja. Nikanyanyua macho, nikasema, "Yuko kwa bibi yake, somo. Na ana njaa."

Vigelegele! Wanawake walisimama. Mpiga msondo akachapa na mdundiko ukaanza upya, bimkubwa akaanza kucheza, nami nikamfuata. Sasa yule kaka wa watu aliyecheza tajiri, yeye anajua kukariri tu, akaingia na kanzu yake na fimbo, "Nimekuja kumchukua binti ambaye hajaguswa na mkono wa mwanaume." Watu hoi. Mpaka leo tukionana sokoni namuuliza ulimpata?

Nyuma ya jukwaa mwongozaji kafura, nimemharibia igizo, kwa nini sikusema kama nina mtoto. Nikamjibu ungenipa? Akanyamaza. Hapo ndo mama anaingia ananuka samaki, mtoto mgongoni analia, hana habari ya igizo wala mwongozaji, "shika mwanao mie nimeacha mafuta jikoni." Nikakaa chini juu ya ngoma iliyolazwa nikamnyonyesha mbele yao wote. Wiki iliyofuata mwongozaji huyohuyo anakuja na wazo eti ule mshangao ubaki, kanga ya mwali tutakuwa tunaimwagia maji. Nikamwambia mwali atafute mwingine, mimi nipe nafasi ya mama wa yule tajiri, ndo ina maneno mengi. Akanipa, na ile nafasi ndo iliyonifundisha kuigiza kwa maneno badala ya sura.

Prodyuza mwingine alinipigia mwaka uliofuata, tamthilia ya TV, anarekodi Dar. Kabla hajamaliza nikamwambia nina mtoto na nitakuja naye lokesheni, pamoja na dada wa kumshika. Kimya kidogo, halafu akasema sawa, ila nauli ya dada juu yangu. Nikasema nusu kwa nusu, na chakula chake cha mchana juu yako. Akasema ee we dada, wewe mgumu! Chakula akakubali. Nauli tulivutana mpaka vocha yake ikaisha.