Saa ya John Fielden

Usiku huu namuwaza John Fielden wa Todmorden, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa 1784, akaanza kazi kwenye kiwanda cha baba yake akiwa na miaka kama kumi, na ukubwani yeye na nduguze wakawa matajiri wa pamba. Mwaka 1832 watu wa Oldham walimpeleka bungeni.

Kinachonishika zaidi ni ile saa yake. Kwenye mkutano mmoja Manchester alisikia kwamba mtoto wa kiwandani hutembea maili 24 kwa siku. Hakusadiki. Aliporudi aliingia kiwandani mwake, akaweka saa mbele yake, akamtazama msichana mmoja akifanya kazi, kisha akapiga hesabu ya siku nzima. Akapata maili 20, kama kilomita 32, ndani ya kuta zilezile! Katika viwanda vile kigari chenye mamia ya vijiti vya kusokotea kilikwenda na kurudi bila kumngoja mtu. Uzi ukikatika, mtoto alikifuata, akainama, akaziunga ncha kwa kuzisokota vidoleni. Hajanyanyuka, mwingine umeshakatika.

Mwaka 1846 muswada wa saa kumi, yaani wa kuweka kikomo cha kazi ya kiwandani kuwa muda wa saa kumi kwa siku, ulianguka bungeni kwa kura 203 dhidi ya 193. Fielden aliurudisha, na 1847 ukapita. Ulihusu wanawake na vijana wa miaka 13 hadi 18: saa 63 kwa wiki kuanzia Julai 1847, kisha 58 kuanzia Mei 1848.

Ila ulikuwa na tundu, nalo linaniuma mpaka leo. Sheria ilihesabu saa za mtu, haikumfungia tajiri saa za kiwanda. Muda halali ulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili na nusu usiku. Basi baadhi ya matajiri wakapanga zamu za kupokezana: kijana anaingia, anatolewa, anaitwa tena, siku nzima yuko mlangoni. Mkaguzi angejuaje nani ameshatimiza saa zake kumi? Februari 1850 mahakama ikasema zamu hizo hazivunji sheria.

Tundu lilizibwa mwaka huohuo: kazi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mapumziko ya chakula dakika tisini, Jumamosi mwisho saa nane mchana. Lakini kazi yenyewe iliongezwa nusu saa kwa siku. Fielden hakuyaona hayo. Kiti alikipoteza 1847, mwaka uleule wa sheria yake, na alifariki Mei 1849.