Slaidi za nyeusi na nyeupe kwa maji ya Kigamboni

Roli ya kwanza iliishia kwenye sinki. Utando wa filamu ulibanduka kama ule wa juu ya maziwa ya moto, ukaenda na picha zote 36, nikabaki na plastiki tupu mkononi.

Nilikuwa nataka slaidi: filamu ya kawaida, Ilford FP4, lakini badala ya negativu itoke picha yenyewe. Unasafisha kwa dawa ya kwanza, unaiondoa fedha (madini yaliyomo kwenye filamu) iliyogeuka nyeusi kwa pamanganeti na tindikali, unaimulika filamu kwa taa, kisha unasafisha fedha iliyobaki kwa dawa ya pili. Dawa ya kwanza ni ile kali ya karatasi za picha, imeongezwa haipo (hypo, kemikali ya kuyeyushia fedha ya filamu) gramu 8 kwa lita (na madukani kweli haipo, niliipata kwa wauza kemikali za maabara).

Pamanganeti ni ya duka la dawa, gramu 2 kwa lita. Tindikali niliifuata kwa fundi betri.

"Gari huna, bosi, tindikali ya nini?"

"Ya picha, fundi."

Akanitazama, akanipimia, akanionya: tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Yake imeshazimuliwa, kwa hiyo natia mililita 40 kwa lita, nimevaa glovu na miwani.

Kilichoiua roli ya kwanza ni joto. Maji yangu yana nyuzi 30, na pamanganeti hulainisha utando. Siku hizi chupa zote zinakaa kwenye beseni la barafu hadi nyuzi 20, hata maji ya kusuuzia.

Roli ya pili utando ulishika, ila penye weupe palikuwa na ukungu wa kijivu. Niliumiza kichwa wiki nzima, mpaka asubuhi moja nanawa uso nikaonja chumvi midomoni. Kumbe ni maji yangu ya kisima! Chumvi ikikutana na fedha iliyoyeyuka huigandisha tena ndani ya filamu, na dawa ya pili inaipaka weusi. Sasa pamanganeti naichanganya kwa maji ya betri (si tindikali yake), yale yasiyo na chumvi yoyote, na nasuuza kwa hayo hayo kabla na baada.

Roli ya tatu ilitoka kwenye pamanganeti na madoa ya kahawia kama chai ya rangi. Dakika mbili kwenye metabisalfaiti, kemikali ya kuondoa madoa hayo, ikawa rangi ya tui. Nikaimulika, nikatia dawa ya pili, na pantoni ya Magogoni ikajitokeza, nyeusi juu ya maji meupe.

Bado ni nzito kidogo. Roli ijayo naongeza dakika mbili kwenye dawa ya kwanza.