Maporomoko ya Kegon: Ukungu, Kona 48 na Kisa cha 1903

Ukitoka Nairobi hutapata ndege ya moja kwa moja hadi Tokyo. Utabadilisha Doha, Dubai au Addis Ababa, na viza utakuwa umeiomba mapema. Wengi hupotea baada ya hapo, kwenye njia ya kwenda Nikko, mji wa milimani kaskazini mwa Tokyo yaliko maporomoko ya Kegon.

Treni za kampuni ya Tobu huondoka Asakusa, mtaa wa Tokyo, na ya haraka huchukua takriban saa mbili. Tobu huuza pasi mbili za Nikko. Ile ya bei nafuu inatosha kwa mahekalu ya mjini tu. Basi la kupanda hadi ziwa Chuzenji halimo. Chukua Nikko Pass All Area, na ukumbuke kwamba treni ya haraka bado ina nauli yake ya ziada.

Kutoka kituo cha Nikko, basi hupanda Irohazaka, barabara ya mlimani yenye kona kali, na safari ni kiasi cha dakika 50. Barabara ya kupanda na ya kushuka ni mbili tofauti, zenye kona 48 kwa jumla, kwa hiyo mwenye kichefuchefu akae mbele. Katika nusu ya pili ya Oktoba, majani yanapokuwa mekundu, msongamano huko ungemshangaza hata aliyezoea barabara ya Thika saa kumi na moja jioni. Panda basi la alfajiri au chagua mwezi mwingine.

Maji huanguka mita 97. Lava ya mlima Nantai iliziba mto ikaumba ziwa, na Kegon ni pale maji yanapomwagika ukingoni. Vijito vingine hupenya katikati ya mwamba na kutokea ubavuni. Jukwaa la juu ni la bure. La chini hufikiwa kwa lifti ya kulipia inayoshuka mita 100 ndani ya mwamba, na huko ndiko utamu ulipo. Adui ni ukungu, hasa kiangazi cha Japani (Juni hadi Agosti): ukiona weupe mtupu kutoka juu, usikimbilie tiketi. Ngoja kidogo, mara nyingi hufunguka ghafla. Wingi wa maji nao hutegemea bwawa lililo kwenye mlango wa ziwa.

Sifa ya giza ilianza Mei 1903, Misao Fujimura, mwanafunzi wa miaka 16 kutoka Tokyo, alipojiua hapo. Natsume Soseki, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya, alikuwa mmoja wa walimu wake. Magazeti yaliyachapisha maneno ya kuaga ya Fujimura kana kwamba ni falsafa kuu, na vijana wengine wakamfuata. Lawama kubwa, kwa maoni yangu, ni ya magazeti hayo. Leo kuna vizuizi, na kumsumbua mhudumu kwa maswali ya kisa hicho ni utovu wa adabu.

Chuzenji iko mita 1,269, chini kuliko Nairobi, lakini baridi yake ni nyingine kabisa. Januari na Februari vijito vya ubavuni huganda. Beba koti zito na yeni taslimu. Kurudi, tembea hadi kituo cha Chuzenji Onsen, yanakoanzia baadhi ya mabasi, kwa sababu wanaongoja vituo vya mbele jioni huweza kulikuta basi limejaa.